SOMO LA UTUNZAJI WA MALI YA CHAMA: BETRI YA GARI LILILOEGESHWA KWA MAJUMA MENGI

Gari la chama cha msingi aghalabu ni mali yenye kazi ya majira. Wakati wa kununua mazao halipumziki usiku wala mchana. Msimu ukiisha huegeshwa kando ya ghala, milango ikafungwa, na ufunguo ukawekwa katika sefu ya chama. Daftari la safari hufungwa, hesabu ya mafuta hufungwa, na kila mtu hudhani kwamba gari nalo limefunga kazi. Lakini iko sehemu moja ya gari ambayo haikufunga kazi, nayo ni betri. Somo hili laeleza kwa nini betri hulala gari likiwa limesimama, hasara gani hukifika chama, na hatua zipi zapasa kuchukuliwa kabla ya ufunguo kutiwa katika sefu.

MFANO WA KUJIFUNZIA

Uchukuliwe mfano wa chama cha wakulima wa pamba katika Kanda ya Ziwa, chenye pikapu moja ya dizeli. Mzigo wa mwisho wa pamba umekwisha kupelekwa kiwandani, na mwanzoni mwa Oktoba pikapu yaegeshwa. Majuma sita yapita. Katikati ya Novemba mvua za kupandia zanyesha. Wanachama wamekwisha kutayarisha mashamba, na mbegu ziko mjini zikingoja kuchukuliwa. Dereva aketi, azungusha ufunguo, na gari lanyamaza. Wanachama walisukuma mpaka barabarani, lakini injini haikubali, kwa sababu hata vali ya kufungulia mafuta yahitaji umeme kidogo, na umeme huo haupo. Siku tatu zapotea katika kutafuta betri nyingine, na udongo uliokuwa na unyevu waanza kukauka.

Bodi yakutana. Mhasibu aleta hati za malipo, nazo zaonyesha kwamba mwaka uliotangulia pia chama kilinunua betri mpya. Mjumbe mmoja asimama na kusema: "Ndugu Mwenyekiti, betri ya mwaka mmoja haifi bure. Hapana shaka betri yetu nzima imeuzwa, na mahali pake pakawekwa kuukuu."

Dereva aitwa ajieleze. Ajibu: "Ndugu wajumbe, gari niliegesha likiwa zima, na ufunguo nikamkabidhi Ndugu Meneja siku ile ile. Tangu hapo sikulifungua. Sina neno jingine."

Wajumbe kadhaa wataka dereva aachishwe kazi. Mwenyekiti aahirisha uamuzi kwa siku mbili na kuagiza mambo mawili: faili la ununuzi wa betri litafutwe, na fundi wa umeme wa magari aitwe apime. Matokeo ya uchunguzi huo yataelezwa mwishoni mwa somo, baada ya msomaji kuelewa namna betri inavyofanya kazi.

BETRI NI NINI

Betri ya gari iliyo ya kawaida ni ya risasi na asidi. Aina hiyo ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika hata leo. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Ndani ya kila chumba mna bamba za risasi zilizozama katika maji yenye asidi. Umeme unapotolewa, asidi huingia katika bamba na kufanya chumvi nyeupe ya risasi, na maji hubaki mepesi. Betri ikichajiwa, chumvi ile huyeyuka na asidi hurudi majini.

Hapo ndipo ilipo siri ya maradhi. Chumvi ile ikiwa changa huyeyuka kwa urahisi. Ikiachwa kwa majuma mengi bila betri kuchajiwa, huganda na kuwa ngumu kama ukoko wa sufuria, na chaja haiwezi tena kuiondoa yote. Kwa hiyo betri iliyolala kwa siku moja na kuchajiwa upesi huweza kupona, lakini iliyolala kwa mwezi mzima aghalabu hupoteza sehemu ya nguvu zake daima. Kinachoiua ni kukaa tupu kwa muda mrefu.

MAMBO MATATU YANAYOMALIZA BETRI GARI LIKIWA LIMESIMAMA

Jambo la kwanza ni kujimaliza yenyewe. Kila betri, hata ikiwa rafuni bila waya wowote, hupoteza chaji kidogo kidogo. Joto huzidisha upotevu huo: kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi yake huongezeka karibu mara mbili. Betri iliyo ndani ya gari linalochomwa na jua kutwa hujimaliza mapema kuliko iliyo kivulini.

Jambo la pili ni uchafu. Vumbi lililochanganyika na unyevu na asidi juu ya betri hufanya njia nyembamba ya umeme kutoka ncha chanya hadi ncha hasi. Umeme hupita hapo usiku na mchana, wala haumfai mtu.

Jambo la tatu, ambalo katika magari ya siku hizi ndilo kubwa, ni vyombo visivyolala. Magari ya zamani yalikuwa na saa tu, tena si yote. Gari la leo lina kompyuta ya injini, king'ora cha wezi, kufuli za rimoti, redio yenye kumbukumbu, na mara nyingi kifaa cha kufuatilia mahali gari lilipo. Ufunguo ukiondolewa, vyombo hivyo huendelea kunywa umeme. Kila kimoja hunywa kidogo, lakini havinyamazi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukimaliza kibaba pia.

Ugonjwa huu hauchagui gari. Huko Ulaya wako watu wenye magari ya mwendo kasi ya thamani kubwa ambayo huegeshwa majira yote ya baridi. Watengenezaji kama Ferrari na Porsche huwapatia wateja wao chaja ndogo za kutunzia betri wakati gari limesimama, kwa kuwa wajua kwamba vyombo vilivyomo vitaimaliza. Ikiwa gari la namna hiyo lililo katika banda safi lahitaji ulinzi, pikapu iliyo chini ya mwembe yauhitaji zaidi.

HESABU AMBAYO KILA CHAMA CHAWEZA KUIFANYA

Betri huandikwa ukubwa wake kwa ampea-saa. Betri ya ampea-saa 70 yaweza kutoa ampea 3.5 kwa muda wa saa 20. Kwa kawaida gari lililozimwa na kutulia halipasi kunywa zaidi ya ampea 0.05. Hesabu yake ni hii:

Ampea 0.05 mara saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Kwa majuma sita, yaani siku 42, ni ampea-saa 50.4. Hivyo hata gari lisilo na kasoro huweza kumaliza zaidi ya theluthi mbili ya betri ya 70.

Vyombo vikiongezwa na unywaji ukafika ampea 0.08, ni karibu ampea-saa 1.9 kwa siku. Betri hubaki nusu baada ya siku 18 hivi, na huwa tupu kabla ya siku ya 37.

Taa ya ndani yenye wati 5, ikisahauliwa au ikiwaka kwa sababu mlango haukufungika sawasawa, hunywa ampea 0.4 hivi. Hiyo ni karibu ampea-saa 10 kwa siku, na betri nzima huisha katika juma moja.

Isisahauliwe kwamba gari huacha kuwaka kabla betri haijawa tupu kabisa, hasa injini ya dizeli ambayo stata yake hutaka nguvu nyingi. Vilevile betri kuukuu haina tena ukubwa ulioandikwa juu yake, kwa hiyo siku zake ni chache zaidi.

DESTURI MBILI ZISIZOFAA

Desturi ya kwanza ni kuwasha gari dakika tano kila juma na kulizima. Dereva hudhani ameilisha betri. Kwa kweli kuwasha kwenyewe, pamoja na kupasha moto plagi za dizeli, huchukua umeme, na alteneta ya injini inayounguruma polepole hurudisha kidogo tu. Dakika tano hulipa deni la kuwasha, pengine na ziada ndogo, lakini hazilipi deni la siku saba za kusimama. Zaidi ya hayo injini haikupata joto la kutosha, na unyevu hubaki katika oili. Ikiwa gari lazima liwashwe, na liendeshwe barabarani kwa muda usiopungua nusu saa, tena ijulikane kwamba hata safari hiyo haiijazi betri iliyokwisha kushuka sana.

Desturi ya pili ni kuhofu kuweka betri juu ya sakafu ya saruji kwa kuamini kwamba saruji hunyonya umeme. Imani hiyo ilitokana na betri za kale zilizokuwa na makasha ya mbao yaliyopitisha unyevu. Kasha la plastiki la betri ya leo halina tatizo hilo. Linaloidhuru ni kusahauliwa pale sakafuni miezi mitatu.

HATUA ZA KUCHUKUA KABLA YA KUEGESHA

1. Betri ichajiwe mpaka ijae, kwa chaja ya polepole. Mkondo unaofaa ni kama sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri: kwa betri ya 70, ampea 7. Kazi hiyo ifanyike mahali penye hewa, pasipo moto wala sigara, kwa kuwa betri inapochajiwa hutoa gesi iwezayo kulipuka.

2. Maji yakaguliwe, kwa betri yenye vifuniko. Bamba lazima zifunikwe. Kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa tu, yale yauzwayo madukani kwa jina la maji ya betri. Kamwe isiongezwe asidi, wala maji ya bomba au ya kisima. Asidi ikimwagikia ngozi au jicho, ioshwe mara moja kwa maji mengi, na aliyeumia jicho apelekwe hospitali.

3. Sehemu ya juu ya betri ifutwe kwa kitambaa chenye maji yaliyotiwa magadi kidogo, vifuniko vikiwa vimefungwa barabara, kisha ifutwe kwa maji matupu na kukaushwa. Ukoko mweupe au wa kijani kwenye ncha usuguliwe, na ncha zipakwe grisi nyepesi.

4. Ncha hasi ifunguliwe. Hasi ndiyo hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Sababu yake ni kwamba bodi ya gari imeunganishwa na hasi. Spana ikigusa bodi wakati wa kufungua chanya, cheche kali hutoka. Waya uliofunguliwa ufunikwe kwa kitambaa kikavu na kuwekwa mbali usirudi nchani.

5. Kabla ya kufungua, kitabu cha gari kisomwe. Redio nyingine hudai namba ya siri umeme ukirudi, na kufuli za rimoti hazifanyi kazi bila betri. Ufunguo wa kawaida ujaribiwe kwanza mlangoni.

6. Kadibodi yenye maneno "BETRI IMEFUNGULIWA", pamoja na tarehe na jina la aliyeifungua, itundikwe kwenye usukani.

GARI LENYE KIFAA CHA KUFUATILIA

Hapa vyama vingi hukwama. Bodi yataka gari lionekane mahali lilipo kila saa kwa ajili ya ulinzi. Fundi naye ataka ncha hasi ifunguliwe. Ncha ikifunguliwa, kifaa hubaki na betri yake ndogo ya ndani, kisha hunyamaza. Kwa hiyo ncha isifunguliwe kwa siri. Bodi iamue na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Ikiwa kifaa lazima kifanye kazi, ziko njia mbili. Penye umeme wa kuaminika, chaja ndogo ya kutunzia betri iunganishwe. Chaja hiyo hujipunguza yenyewe betri ikijaa, tofauti na chaja kubwa ya gereji ambayo ikiachwa juma zima hukausha maji. Pasipo umeme, paneli ya jua ya wati 10 pamoja na kidhibiti chaji yatosha kwa gari moja. Paneli hiyo ikipata jua zuri saa tano kwa siku huweza kurudisha ampea-saa 2 hivi, na unywaji wa kawaida ni 1.2. Sharti lake ni kwamba paneli iwekwe juani, hata kama gari liko kivulini, na ifutwe vumbi.

Vyama vyenye lori la volti 24 vizingatie jambo moja zaidi. Lori hilo lina betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Mara nyingi redio ya volti 12 huunganishwa kwenye betri moja tu. Betri hiyo hushuka daima, na ya pili hujazwa kupita kiasi, hata zote mbili zikafa mapema. Dawa yake ni kigeuzi cha kushusha volti 24 kuwa 12. Na betri zikibadilishwa, zibadilishwe zote mbili, za aina moja na umri mmoja.

UPIMAJI NA DAFTARI

Mita ya kupimia umeme ni chombo cha bei ndogo sana kikilinganishwa na betri. Kila chama chenye gari chapaswa kuwa nayo. Betri ipimwe baada ya kutulia saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa. Maana ya vipimo ni hii kwa betri ya kawaida ya volti 12:

Volti 12.6 au zaidi: imejaa.
Volti 12.4: imebaki robo tatu.
Volti 12.2: imebaki nusu.
Volti 12.0: imebaki robo.
Chini ya hapo: karibu tupu.

Ikishuka chini ya 12.4, ichajiwe bila kungoja. Betri iliyofunguliwa ncha ipimwe mara moja kwa mwezi. Isiyofunguliwa, kila majuma mawili. Daftari liwe na safu tano: tarehe, volti, hali ya maji, hatua iliyochukuliwa, na sahihi. Ukurasa wa kwanza uandikwe aina ya betri, ukubwa wake, tarehe ya kununuliwa, na namba iliyopigwa chapa juu ya kasha. Namba hiyo iingizwe pia katika daftari la mali za chama.

MWISHO WA MFANO

Bodi ya chama kilichotajwa yakutana tena. Katika faili la ununuzi imepatikana kadi ya dhamana ya betri. Namba iliyomo yalingana na namba iliyo juu ya betri iliyolala. Betri haikubadilishwa.

Fundi naye atoa taarifa. Kwanza aliazima betri nzima na kuifunga garini. Alifunga milango yote, akaondoa ufunguo, akangoja nusu saa ili kompyuta ya gari itulie, kisha akaifungua ncha hasi na kuipitisha mita ya ampea mara moja kati ya ncha na waya wake, bila kuwasha kitu chochote. Kwa kuwa kufungua waya huamsha vyombo, alingoja tena mpaka mita ikatulia. Ilionyesha ampea 0.08. Alipochomoa fyuzi moja moja, alikuta kwamba kifaa cha kufuatilia na redio vilikunywa sehemu kubwa. Kifaa hicho kilifungwa mwaka uliopita kwa amri ya Bodi yenyewe, na tangu hapo hakuna aliyeuliza umeme wake utatoka wapi.

Mwenyekiti asema: "Ndugu wajumbe, tulikuwa karibu kumfukuza mtu kwa kosa la hesabu tusiyoifanya." Bodi yamwomba radhi dereva mbele ya mkutano, na maneno hayo yaandikwa katika kumbukumbu. Kisha yaagiza mita, paneli ndogo ya jua na daftari. Meneja akabidhiwa daftari, dereva akabidhiwa upimaji, na Bodi yajiwekea wajibu wa kulikagua kila inapokutana.

Chama hicho kilipoteza betri mbili na siku tatu za mvua. Kilikaribia kupoteza pia mtumishi mwaminifu, na imani ya wanachama kwamba Bodi yao huhukumu kwa ushahidi.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI

1. Gari la chama chenu likiegeshwa leo, ni nani mwenye wajibu wa betri? Je, jukumu hilo limeandikwa mahali?

2. Betri ya ampea-saa 60 iko katika gari linalokunywa ampea 0.05. Itabaki nusu baada ya siku ngapi? (Jibu: 25.)

3. Kwa nini ncha hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho?

4. Tazameni hati za malipo za miaka mitatu iliyopita. Betri ngapi zilinunuliwa, na je, namba zake ziko katika daftari la mali?

5. Mtumishi akishukiwa kuharibu mali ya chama, ni vipimo na maandishi gani yapasa kutazamwa kabla ya kutoa hukumu?